Mgeni wa gofu aje, lakini mwenyeji apone

Kaskazi ikivuma, Pwani hupata wageni. Ndivyo ilivyo tangu zama za majahazi, pale upepo huo ulipoleta manahodha wa Muscat na Gujarat na shehena zao za tende na nguo, wakakaa nasi hadi kusi iwarudishe makwao. Leo upepo ni ule ule, ila wageni wanashuka kwa ndege. Wengi wanakimbia theluji ya Ulaya, na miongoni mwao kuna mmoja ambaye magazeti yetu humtaja kwa nadra. Ni yule anayetoka uwanja wa ndege wa Moi akiwa na rafiki yake, kila mmoja na mkoba mrefu wa fimbo begani. Hawakuja kuota jua wala kumwona simba. Wamekuja kucheza gofu wiki moja, kisha warudi kwenye baridi yao.

Kwetu neno gofu lina maana nyingine kabisa. Gofu ni jengo lililobomoka, kama magofu ya Gede na ya Jumba la Mtwana. Kwa hivyo mzee wa Takaungu akiambiwa kwamba Mzungu amevuka bahari kufuata gofu, huenda akadhani ni mtu wa historia. Tunacheka, lakini mchezo huu sasa ni biashara inayonadiwa kwa jina la nchi. Mashindano ya wanawake ya Magical Kenya Ladies Open yalifanyika Vipingo Ridge, Kaunti ya Kilifi, kwa mara ya kwanza Desemba 2019. Mshindi alikuwa Mjerumani Esther Henseleit. Alirudi Februari 2022 akashinda tena. Baada yake ushindi ulikwenda kwa Mhindi Aditi Ashok mwaka 2023, kisha Shannon Tan wa Singapore mwaka 2024. Mwaka huo huo wa 2024 Henseleit alipata medali ya fedha katika Olimpiki ya Paris.

Basi kaskazi yetu imeshatoa bingwa, japo si wa kwetu. Swali langu leo ni hili: wageni hawa wanapokuja na mikoba yao, mwenyeji anapona nini? Wahenga walituachia msemo kamili, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi mara nyingi tunausema nusu yake ya kwanza tu.

Uwanja na mabati

Makala haya nayaandika nikiwa Olympic, upande ule wa Kibera ambako matatu humalizia safari. Msomaji wa Mombasa atauliza, Olympic na gofu ya Pwani vinahusiana vipi? Vinahusiana sana, kwa sababu hapa ndipo mahali pazuri pa kuona gofu inamfanyia nini jirani yake inapokaa naye miaka zaidi ya mia moja.

Kutoka Olympic hadi nyasi za Royal Nairobi Golf Club ni mwendo wa miguu, hauhitaji nauli. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1935 Mfalme George wa Tano akaipa heshima ya jina la Royal. Kibera nayo ni ya umri huo huo. Wanubi, askari Waislamu wa asili ya Sudan waliotumikia jeshi la King's African Rifles, waliwekwa katika msitu huu mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi eneo hilo la ekari 4,197 kuwa la jeshi. Watoto na wajukuu wao walisubiri hatimiliki hadi mwaka 2017, walipokabidhiwa hati ya ekari 288. Uwanja mmoja wa mashimo 18 huchukua takriban ekari 120 hadi 200. Kwa hesabu hiyo, ardhi waliyopewa ndugu zetu baada ya karne nzima ingetosha viwanja viwili vya gofu, na pengine visienee vizuri.

Sisemi haya kuilaumu klabu, maana haikuwa yenye kugawa ardhi. Nayasema kwa sababu upande mmoja wa ua kulikuwa na karatasi na upande wa pili hakukuwa nayo, na tofauti hiyo ikaamua nani atacheza na nani atabeba.

Vijana wa Kibera wakabeba. Kazi ya kedi, yaani kumbebea mchezaji mkoba na kumwongoza uwanjani, imelisha nyumba nyingi za mtaa huu kwa vizazi. Asiyeijua huidhania kazi ya kubeba mzigo tu. La hasha. Kedi husoma upepo, hujua nyasi zimelalia upande gani, hukadiria umbali kwa jicho, na humwambia tajiri achukue fimbo ipi bila kumvunjia heshima. Raundi moja ya mashimo 18 ni saa nne au zaidi, na mwendo wa kilomita nane hadi kumi. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo, mkoba wa mwenzake begani.

Lakini Kibera ina funzo la pili, nalo ni chungu. Kwa kawaida kedi hahesabiwi kuwa mfanyakazi wa klabu. Hulipwa kwa raundi. Mvua ikinyesha, hakuna raundi. Akiugua, hakuna wa kumuuliza. Machi 2020 viwanja vilipofungwa kwa sababu ya korona, kipato kilikatika siku hiyo hiyo. Mtu anaweza kuwatumikia mabwana wakubwa wa nchi miaka thelathini, akawajua kwa majina na wakamjua kwa jina, kisha akastaafu bila senti moja ya pensheni.

Pwani ina nafasi ya kuchukua funzo la kwanza na kuliacha la pili. Viwanja tunavyo. Mombasa Golf Club ni ya mwaka 1911, na ukisimama pale unaziona meli zikiingia Kilindini. Kuna Nyali, kuna Leisure Lodge kule Diani, kuna Malindi. Na kuna Vipingo, ambako uwanja wa Baobab ulichorwa na David Jones wa Ireland ya Kaskazini, mshindi wa Kenya Open ya 1989, juu ya ardhi iliyokuwa ya mkonge.

Pesa ya marafiki wawili

Tuifuate safari ya wale marafiki wawili. Tiketi ya ndege wamelipa kwao. Mara nyingi hoteli na uwanja pia wamelipa kwao, kwa kampuni inayouza safari nzima kama kifurushi kimoja. Wakifika hapa, sehemu kubwa ya pesa yao imeshapita mikononi mwa watu ambao hawajawahi kukanyaga Mtwapa. Hili ni tatizo la zamani la utalii wetu wa ufuo. Mgeni analala, anakula na anakunywa ndani ya ukuta mmoja, na mwenye tuk-tuk anasubiri nje hadi jioni.

Gofu ina tofauti moja na ufuo, na hapo ndipo penye tumaini. Mchezaji anahitaji mtu wa kutembea naye saa nne. Mwogeleaji hamhitaji mtu. Kwa hivyo katika utalii wote wa Pwani, ni nadra kupata biashara ambayo kila mgeni mmoja anaweza kuzaa siku moja kamili ya kazi kwa kijana mmoja, tena kazi ya ujuzi, tena karibu na nyumbani kwake.

Lakini tazama kinachoweza kutokea. Uwanja unaleta vigari vya betri. Kigari kimoja kinabeba wachezaji wawili na mikoba yao. Marafiki wetu wanapanda, wanaendesha, wanacheza, wanarudi. Siku za kazi za vijana wawili zimefutwa, na ada ya kukodi kigari imeingia kwenye hesabu ya mwenye uwanja. Si haramu, na kwa mchezaji mzee au mgonjwa kigari ni msaada. Ila kikiwa ndiyo desturi, basi gofu inageuka ufuo mwingine wenye ukuta.

Na baada ya mchezo? Mchezaji huanza alfajiri kukimbia jua, na kufikia adhuhuri amemaliza. Ana mchana mzima mikononi. Kutoka Vipingo, magofu ya Jumba la Mtwana yako karibu, na Mnarani iko Kilifi. Gede, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, ni safari ya mchana mmoja. Takaungu, mji mkongwe wa Wamazrui, uko jirani kabisa. Kuruwitu, wavuvi waliotenga sehemu ya bahari yao wenyewe ili samaki wazaane, wakatunukiwa Tuzo ya Equator mwaka 2017, wako papo hapo. Ni wageni wangapi wa gofu wanaoambiwa habari za Kuruwitu kabla hawajapanda gari la kurudi uwanja wa ndege? Mgeni aliyefuata gofu ya fimbo angeweza kuonyeshwa gofu letu la mawe, na akalipia kuliona.

Baridi ni mbili

Wanaopanga utalii wetu wanaijua baridi moja tu, ile ya Ulaya, Desemba hadi Machi. Lakini miezi hiyo hoteli zetu hazina shida kubwa. Krismasi Nairobi nzima inateremka, na Januari na Februari Wazungu wapo. Shida ya Pwani huanza Aprili. Masika yakianza, hoteli hupunguza watu, nyingine hufunga milango, na wafanyakazi hurudishwa makwao wakangoje simu. Kila nyumba ya Pwani yenye mtu wa hoteli inajua simu hiyo inavyochelewa.

Sasa ipo baridi ya pili, nayo iko hapa hapa Kenya. Msomaji ambaye hajakaa Nairobi mwezi wa Julai hawezi kuielewa. Hapa Olympic watoto wanakwenda shule wamevaa sweta mbili, jua halionekani siku tatu mfululizo, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 11 au 12. Wachezaji wa klabu za Nairobi wanaishi katika baridi hiyo hiyo, na wao wana pesa, hawahitaji visa, na hawasomi tahadhari za usafiri za London.

Hapo gofu ina faida ambayo ufuo hauna. Wakati wa kusi bahari huchafuka, na hata wavuvi hupunguza safari. Ni vigumu kumuuzia mtu ufuo wakati huo. Lakini nchi kavu, masika yakishapita, nyasi ni za kijani na jua si kali kama la Februari. Ule ndio wakati bora wa kutembea kilomita kumi na mkoba. Treni ya Madaraka Express imekuwapo tangu Mei 2017, na asubuhi ukipanda Syokimau, mchana uko Miritini. Kwa nini basi matangazo yote ya gofu yanamlenga Mjerumani wa Januari, na hakuna anayemfuata Mkenya wa Julai?

Kumbukeni pia Mei 2014. Uingereza ilitoa tahadhari juu ya Mombasa, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa mamia ya wageni kwa ndege na kukatiza safari zake. Watu wetu walipoteza kazi ndani ya wiki moja kwa uamuzi uliofanywa mbali. Nafurahi kuona flydubai ikitua Mombasa tangu Januari 2024, na nawaunga mkono wanaodai ndege zaidi zije moja kwa moja. Lakini anayetegemea upepo mmoja tu, siku ukigeuka hukaa bandarini. Mgeni wa ndani ndiye nanga.

Maji na ardhi

Sasa tuguse penye kidonda. Uwanja wa mashimo 18 katika nchi ya joto unaweza kunywa zaidi ya lita milioni moja za maji kwa siku wakati wa kiangazi. Na kiangazi chetu ndicho hicho cha kaskazi, mgeni anapokuja. Wakati huo huo, mama wa Kisauni ananunua mtungi kwa mwenye mkokoteni. Bomba la Mzima lilijengwa mwaka 1957, mji ukiwa mdogo. Baricho inalemewa. Marere haitoshi. Hatuwezi kuzungumza habari za nyasi bila kuuliza zinanyweshwa nini.

Jibu lipo, na si la kubuni. Dubai ni jangwa. Uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club ulifunguliwa mwaka 1988, wa kwanza wa mashindano wenye nyasi halisi katika eneo lile, na watu walishangaa nyasi zitaota vipi juu ya mchanga. Leo viwanja vingi vya huko vinatumia maji taka yaliyosafishwa. Sisi maji taka ya Mombasa tunayamwaga baharini, kisha tunamwomba mgeni aje aogelee. Kama kaunti zetu zingesafisha maji hayo vizuri, zingewauzia wenye viwanja, na maji ya kunywa yakabaki kwa wanywaji. Hadi siku hiyo ifike, wananchi wana haki ya kujua kila uwanja unachota kiasi gani, kutoka wapi, na visima vyake vinafanya nini kwa visima vya jirani. Karibu na bahari, kisima kikivutwa mno huingia chumvi, na chumvi haijui mpaka wa shamba.

Ardhi ni kisa kirefu zaidi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwaacha Wapwani wengi bila karatasi, na mashamba makubwa ya mkonge yakajengwa juu ya hali hiyo. Mkonge ulipopungua faida, ardhi haikurudi kwa jirani asiye na hati. Sehemu yake ikawa nyumba za kifahari na nyasi. Kisheria huenda kila kitu kiko sawa. Lakini ninayekaa Olympic naona mfano wake kila siku. Jirani wa uwanja asiye na hati hubaki kuwa mbebaji. Kwa hivyo madai ya hati za Kilifi na Kwale, na ya njia za umma za kufika ufuoni, yasichukuliwe kuwa uadui kwa wawekezaji. Mwekezaji mwenye akili anapenda jirani mwenye makao, maana jirani huyo hana sababu ya kubomoa ua.

Dini na mkoba

Najua baadhi ya wazee wetu wana wasiwasi. Wanasema klabu za gofu ni mahali pa pombe na kamari, na hawataki vijana wao huko. Wasiwasi wao una msingi. Hata hivyo, tutenganishe mambo. Kucheza gofu ni kutembea na kulenga shabaha, na dini yetu haikuchukia kulenga shabaha. Kamari ni haramu, iwe uwanjani au kwenye simu mtaani, ambako kwa kweli vijana wetu wengi zaidi wanaangamia. Kubeba mkoba kwa saa nne ni jasho la halali. Atakayekataa kumimina pombe na akubaliwe, na apewe kazi nyingine.

Tena miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa wageni. Kedi aliyefunga anatembea kilomita kumi Februari au Machi kwenye jua la Vipingo. Uwanja unaojali utampangia raundi za alfajiri, na hautamfuta kwenye orodha kwa kuwa anaswali. Na mwisho wa siku alipwe siku hiyo hiyo, jasho halijakauka. Hilo tumefundishwa kabla hata ya sheria za kazi kuandikwa.

Tudai nini

Kwanza, kila kedi aandikishwe, apewe mkataba, na klabu imchangie NSSF na bima ya afya ya SHA kwa kiasi kidogo kinachokatwa kwenye ada ya kila raundi. Mgeni aliyevuka bara kuja kucheza hatashindwa na ongezeko la bei ya soda. Kigari kikikodiwa, kiende na kedi wake.

Pili, mafunzo. Chuo cha Utalii cha Ronald Ngala kimejengwa Vipingo hapo hapo, na ujenzi wake ulivyocheleweshwa mwaka baada ya mwaka ni aibu ya serikali zaidi ya moja. Kichukue vijana wa Shariani, Takaungu na Junju kwa kozi za uongozaji wa gofu, utunzaji wa nyasi na lugha. Walimu wa kuanzia wapo Kibera, wana uzoefu wa miaka thelathini na hawana kazi mvua inaponyesha. Walipwe waje wafundishe.

Tatu, kila uwanja uwe na siku ya wiki ya watoto wa shule za jirani, fimbo zikiwa za kuazima. Gofu ilirudishwa kwenye Olimpiki mwaka 2016, na mtaa ninaoandikia umebeba jina la michezo hiyo miaka mingi bila watoto wake kuonyeshwa mlango. Vipingo isirudie hilo kwa miaka mia nyingine.

Nne, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zitangaze kila mwaka maji yanayotumiwa na kila uwanja, na zipange pamoja msimu wa gofu wa Julai na Agosti kwa ajili ya watu wa bara.

Haya yote hayamfukuzi mgeni. Marafiki wale wawili wakimkuta kedi anayejua upepo, maji yasiyo na lawama na mji wenye cha kuwaonyesha mchana, watarudi mwakani, na watawaleta wengine wawili. Bunge za kaunti zinajadili bajeti kila mwaka, na wenye viwanja huketi na magavana mara kwa mara. Msomaji, muulize mwakilishi wako wa wadi ni lini alipoketi nao pia, na kama katika mazungumzo hayo mbeba mkoba alitajwa hata mara moja.